Jana Mbili za Kihispania

Mwezi Aprili mwaka 1965 Ernesto Che Guevara alifika Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika, akaingia Kongo. Wacuba wa kundi lake walipewa majina ya hesabu za Kiswahili. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Guevara mwenyewe akawa Tatu. Historia hiyo wengi wenu mnaijua. Leo nataka tuchukue kitenzi kimoja tu cha safari ile, kuvuka, tusikilize jinsi msemaji wa Kihispania anavyokitamka.

Anaweza kusema: "Guevara cruzó el lago." Anaweza pia kusema: "Guevara cruzaba el lago." Mtu ni yule yule, ziwa ni lile lile, safari ni ile ile, na yote yalikwisha pita. Lakini anayesema "cruzó" anakupa safari nzima, mwanzo wake na mwisho wake, na Guevara yuko ng'ambo tayari. Anayesema "cruzaba" anakuacha majini. Safari haijafika popote, na wewe msikilizaji unangoja uambiwe kilitokea nini humo njiani.

Hizo ndizo nyakati mbili zinazowatesa wanafunzi wa Kihispania kuliko kitu kingine chochote katika lugha hiyo: preterito, ile ya "cruzó", na imperfekto, ile ya "cruzaba". Zote ni za wakati uliopita. Zote zilitoka Kilatini na zimeishi pamoja tangu wakati huo. Antonio de Nebrija alipochapisha sarufi yake ya Kikastilia mwaka 1492, aliziita wakati uliopita uliokamilika na wakati uliopita usiokamilika. Majina hayo ni mazuri, ingawa nitaeleza baadaye kwa nini nalipenda zaidi jina lililotolewa na mtu wa Caracas miaka mia tatu na zaidi baada yake.

Nina jambo moja la kusema leo, na nalisema kwa moyo wote kwa sababu naona vijana wetu wanahangaika bila sababu. Mswahili hahitaji kupitia Kiingereza ili aelewe tofauti hii. Kiingereza kinamchelewesha. Waongoza watalii wa Arusha na Zanzibar wanaojifunza Kihispania ili wapokee wageni wa Madrid na Mexico, na vijana wanaokwenda kusomea udaktari Cuba, karibu wote wanashika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Mwingereza au Mmarekani. Kitabu hicho kinaanza na matatizo ya Mwingereza na kinatoa dawa ya Mwingereza. Mwanafunzi wa Tanga au Bujumbura anameza dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na ugonjwa wake mwenyewe unabaki pale pale.

Dawa yenyewe ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kanuni ya urefu: kama jambo lilichukua muda mrefu, tumia imperfekto, kama lilikuwa la ghafla, tumia preterito. Kanuni hii inavutia kwa sababu inasaidia katika mifano mitano ya mwanzo. Kisha inavunjika. Guevara alikaa Kongo kiasi cha miezi saba, kuanzia Aprili hadi Novemba 1965. Miezi saba vitani si dakika. Hata hivyo Mhispania atasema "Guevara estuvo siete meses en el Congo", na "estuvo" ni preterito. Ungeweza hata kusema mtu aliishi mahali miaka mia, na bado ingekuwa preterito, maadamu unaihesabu miaka yote na kuifunga. Upande wa pili, chukua kifo, jambo ambalo halina urefu. Francisco Franco, mtawala wa Hispania, alifariki Madrid tarehe 20 Novemba 1975. Magazeti na vitabu vya historia vya Hispania vinaweza kuandika kwamba siku hiyo "moría Francisco Franco", kwa imperfekto, pale mwandishi anapotaka kumwingiza msomaji ndani ya siku ile na kumweleza mambo yaliyokuwa yakiizunguka. Urefu wa jambo haukuamua chochote katika mifano yote miwili.

Dawa ya pili ni orodha ya maneno. Mwanafunzi anaambiwa: ukiona "ayer", yaani jana, weka preterito, ukiona "siempre", yaani daima, au "todos los días", yaani kila siku, weka imperfekto. Orodha hizo hubandikwa ukutani darasani, na mitihani mingine hutungwa kwa kuzifuata. Lakini Mhispania anasema "ayer llovía", jana mvua ilikuwa ikinyesha, bila kuvunja kanuni yoyote. Anasema "mi padre siempre me ayudó", baba yangu alinisaidia siku zote, kwa preterito, kwa sababu anayapima maisha yote ya baba yake na kuyatolea hukumu. Anasema pia "la semana pasada comí pescado todos los días", wiki iliyopita nilikula samaki kila siku, kwa kuwa wiki imefungwa na samaki wake wote wamo ndani. Maneno ya orodha yanafuatana na kitenzi mara nyingi, ni kweli, lakini hayakiamrishi.

Sasa tugeukie kwetu. Kiswahili kina viambishi viwili ambavyo mtoto wa miaka minne anavitumia bila kufundishwa: -ki- na -ka-. Nitakusimulia kisa kifupi cha wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, wale wanaovua usiku kwa karabai. Sikiliza vitenzi.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Ziwa lilikuwa na giza, na wavuvi walikuwa wakiimba. Ghafla taa ikazimika, mmoja akapiga kelele, na wote wakanyamaza.

Kwa Kihispania, nasoma taratibu: "Llovía. El lago estaba oscuro y los pescadores cantaban. De pronto se apagó la lámpara, uno de ellos gritó y todos se callaron."

Umesikia? Ilikuwa ikinyesha, "llovía". Walikuwa wakiimba, "cantaban". Hiyo ni imperfekto. Ikazimika, "se apagó". Akapiga kelele, "gritó". Wakanyamaza, "se callaron". Hiyo ni preterito. Vitenzi vyenye -ka- vinasukuma kisa mbele. Kila kimoja kikimalizika, kisa kimesogea hatua. Vitenzi vyenye -ki- havisogezi kitu. Vinatandika mahali ambapo mambo yatatokea.

Badilisha kitenzi kimoja uone kisa kinavyogeuka. Sema: "Se apagó la lámpara y los pescadores cantaron." Taa ikazimika, na wavuvi wakaimba. Sasa kuimba kumekuja baada ya giza. Labda waliimba kwa hofu, labda kwa kupeana moyo. Vyovyote iwavyo, nyimbo zimekuwa tukio, nazo zimetokana na taa kuzimika. Geuza tena: "la lámpara se apagaba". Taa ilikuwa ikizimika. Mwanga unafifia na bado hujui kama kuna mtu atakayeongeza mafuta kwa wakati. Msimulizi ndiye anayeamua. Wavuvi ni wale wale na taa ni ile ile, ila yeye amechagua kusimama ndani ya jambo au kulitazama likiwa limekwisha.

Ndiyo maana nalipenda jina la Andrés Bello. Bello alizaliwa Caracas mwaka 1781, akafanya kazi kubwa ya maisha yake Chile, na mwaka 1847 akachapisha Santiago sarufi ya Kikastilia aliyosema wazi kuwa ni kwa matumizi ya watu wa Amerika. Hakuridhika na majina ya zamani. Wakati wa "cantaba" aliuita "copretérito". Lile "co" la mwanzo lina maana ya pamoja: ni jambo lililokuwapo pamoja na jambo jingine la wakati uliopita. Mpaka leo shule za Mexico zinatumia jina hilo. Ukilitazama vizuri utaona Bello alikuwa anaieleza -ki- yetu. Walikuwa wakiimba wakati taa ilipozimika. Mambo mawili yako pamoja, moja likiwa limelizunguka lingine. Mwanafunzi Mswahili angekutana na Bello mapema angeokoa muda mwingi.

Nisije nikakupotosha, daraja hili lina mipaka. Iko -ki- ya masharti, kama katika "ukija nitakupa"; hiyo haihusiki hapa kabisa. Na -ka- yetu haipendi kuanza kisa: twaanza na -li-, alifika, ndipo tunaendelea, akaketi, akaomba maji, akanywa, akaondoka. Kihispania kinashika preterito tangu kitenzi cha kwanza mpaka cha mwisho: "llegó, se sentó, pidió agua, bebió y se fue". Tena hu- ya mazoea, kama "huenda sokoni", haina jana ndani yake. Mazoea ya zamani ukiyataka, yaseme kwa "tulikuwa tukienda", na hapo Kihispania kitakujibu kwa imperfekto, "íbamos".

Nilisema Mswahili ana ugonjwa wake. Ugonjwa huo ni -li-.

Kiambishi chetu cha -li- ni kipana. Alijua, alitaka, aliweza, alikuwa, aliishi: kimoja hicho kinabeba jambo lililokamilika na lisilokamilika, na Kiswahili hakikulazimishi kueleza zaidi. Kihispania kinakulazimisha. Na mahali penyewe panapouma ni vitenzi vya hali, vile visivyoonekana kwa macho: kujua, kutaka, kuweza, kuwa. Mwanafunzi akitafsiri "nilijua" anasita, kwa sababu "sabía" ni nilijua na "supe" ni nilijua. Atakayemwambia hapo "angalia urefu" hajamsaidia.

Mwambie hivi: jaribu kukiweka kitenzi katika -ka-. Nikajua. Hapo lugha yako yenyewe inakunong'oneza kwamba ujuzi umeingia sasa hivi. Dakika iliyopita hukuwa nao, habari zimekufikia, ukajua. Hiyo ni "supe". Jaribu tena: nilikuwa najua. Ujuzi ulikuwamo kitambo. Hiyo ni "sabía". Kwa kukanusha ni vilevile: "alikuwa hajui" ni "no sabía".

Twende na "conocer", kufahamu mtu. Mwongoza watalii anaambiwa na mgeni kwamba kaka yake alifika Serengeti zamani. Akijibu "conocí a su hermano", amesema: nilikutana naye, tukafahamiana. Akijibu "conocía a su hermano", amesema: nilikuwa namfahamu. Mgeni atauliza maswali tofauti kulingana na jibu alilopata.

Kitenzi cha kutaka ndicho kinachoweza kuleta ugomvi. "No quería pagar" maana yake alikuwa hataki kulipa. Moyo ulikuwa mzito, lakini huenda hatimaye alilipa. "No quiso pagar" maana yake akakataa kulipa, na mambo yakaishia hapo. Mtu akiandika taarifa ya hoteli kuhusu mteja, akatumia moja badala ya nyingine, amemsingizia mteja au amemsafisha bila kujua. Kuweza nako kuna mambo yake. "Podía abrir la puerta": alikuwa anaweza kufungua mlango, funguo anazo, lakini hatujui kama alifungua. "Pudo abrir la puerta": akaweza, mlango uko wazi. Na "tuve que irme" ni ikanibidi niondoke, nami nikaondoka. "Tenía que irme" ni nilikuwa natakiwa kuondoka, na kuna uwezekano kwamba nilibaki nikinywa chai na wenyeji wangu mpaka usiku.

Halafu kuna "alikuwa". Neno hilo tunalitumia siku nzima, na Kihispania kinalipasua. Nyerere alikuwa rais Guevara alipofika Kigoma: "Nyerere era presidente cuando Guevara llegó a Kigoma." Urais hapo umelizunguka tukio, hauishi. Nyerere alikuwa rais hadi mwaka 1985: "Nyerere fue presidente hasta 1985." Urais sasa umewekewa mpaka na unatazamwa wote kwa pamoja. Ni mtu yule yule na kazi ile ile. Usitafute tofauti kwa Nyerere, itafute katika sentensi: je, umeweka mwisho, au unasimulia jambo jingine lililotokea ndani yake?

Umri na saa vinafuata njia ya "era" karibu kila mara. "Tenía veinte años", alikuwa na miaka ishirini. "Eran las seis", ilikuwa saa kumi na mbili. Hapo jihadhari na hesabu, maana sita ya Mhispania ni kumi na mbili yetu, na kosa hilo limewahi kumfanya mtu akose basi.

Liko eneo moja ambapo Mswahili anafika nyumbani kabisa, nalo ni adabu. Ukisikiliza simu za wasikilizaji katika redio yoyote ya Tanzania utasikia: "Nilikuwa naomba kuchangia mada." Hakuna anayefikiri mtu huyo alikuwa anaomba jana. Anaomba sasa, ila anarudisha nyuma ombi lake ili lisimgonge mtu kifuani. Mhispania akiingia dukani anafanya hivyo hivyo, na anafanya kwa imperfekto: "Quería un café." Nilikuwa nataka kahawa. "Quería preguntarle una cosa." Nilikuwa nataka kukuuliza jambo. Vitabu vya kigeni vinatumia ukurasa mzima kueleza adabu hii kana kwamba ni maajabu. Sisi hatuhitaji ukurasa. Tunahitaji mwalimu atuambie tu kwamba ni kama kwetu. Preterito haiwezi kazi hiyo. "Quise un café" ni nilitaka kahawa, na mhudumu atabaki akingoja usimulie kilichofuata.

Kwa upande wa maumbo sitakaa sana, kwa kuwa hayo ni ya kukariri na kila kitabu kinayo. Imperfekto ni nyepesi ajabu: vitenzi vinavyokwenda kinyume ni vitatu tu katika lugha nzima, "ser", "ir" na "ver", ambavyo vinatoa "era", "iba" na "veía". Preterito ndiyo yenye wakaidi wengi: "tuve", "hice", "dije", "puse", "vine", "traje", na lile "fui" ambalo ni nilikuwa na nilikwenda kwa pamoja. Chunga pia mkazo wa sauti. "Canto" ni naimba. "Cantó" ni aliimba. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu utalivuta "cantó" liwe "canto" kama hukulisimamia. Msikilizaji wa Havana atadhani unasema habari za leo.

Neno moja kuhusu "he comido", kwa kuwa wengi watauliza. Linafanana na "nimekula", na Hispania wanalitumia sana kwa mambo ya leo. Sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini watasema "comí" hata kama sahani bado ina unyevu. Fuata watu unaoishi nao.

Kihispania si lugha ya mbali na bara hili. Ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, nchi iliyopata uhuru kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, na Umoja wa Afrika unakihesabu Kihispania miongoni mwa lugha zake pamoja na Kiswahili. Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa walimu wa Kihispania wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Bukavu. Toeni orodha za maneno ukutani. Mpeni mwanafunzi kisa anachokijua, cha bibi yake au cha safari yake ya mwisho, akisimulie kwanza kwa Kiswahili kwa sauti, apigie mstari kila -ka- na kila "alikuwa aki-", ndipo afungue kitabu. Na pale palipo na -li- peke yake, mwulizeni kabla hajaandika: hapa ungeweza kusema "akajua", au ungesema "alikuwa akijua"?